Risala ya Wagonjwa wa Figo kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wetu wa dini, madaktari na wauguzi mnaotuhudumia, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Kikundi chetu kilianza na watu 6 waliofahamiana kwenye benchi la kusubiri mashine ya kusafisha damu. Leo tuko 32. Tumepata mafanikio makubwa: tuna katiba, akaunti ya benki, sare hizi mnazoziona, viti 12 vya plastiki na sufuria la uji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuingie kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Mwaka jana mgeni wetu rasmi aliuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini mgonjwa wa kisiwa cha Ukerewe akikosa usafiri asisubiri wiki ijayo. Leo tunaomba kulijibu swali hilo.

Mwili hutengeneza asidi kila siku, kutokana na chakula na kazi za mwili wenyewe. Damu haiivumilii, kipimo chake cha pH, yaani cha ukali wa asidi, kinatakiwa kibaki kati ya 7.35 na 7.45. Bikaboneti iliyomo kwenye damu huidaka asidi papo hapo, na hewa ya kaboni daioksaidi inayotokea huko, mapafu huitoa nje. Lakini kila inapodaka, bikaboneti hupungua, na mapafu hayawezi kuirudisha. Zinazoirudisha ni figo, nazo ndizo humwaga asidi kwenye mkojo. Figo zetu zimeshindwa. Kazi hiyo tunafanyiwa na mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila zamu, na bikaboneti tunaipata kwenye maji yake.

Mwenzetu mmoja wa Ukara alikwama kisiwani kwa upepo, akakosa zamu mbili. Alipofika alikuwa ameketi tu kitini, lakini anahema kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukokota mtumbwi mwaloni. Binti yake alidhani ni pumu. Kumbe ni mwili unaoifukuza asidi kwa mlango mmoja uliobaki.

Wenzetu wa Sengerema tangu 2025 wanapita darajani Kigongo–Busisi, na tunaishukuru serikali. Wa visiwani bado wanangoja ziwa litulie. Ndiyo maana tunajenga nyumba ya kufikia hapa mjini, mgonjwa alale jirani na mashine. Kiwanja tulipewa. Msingi tumeujenga kwa michango yetu. Mgeni yule wa mwaka jana, mbele ya hadhara kama hii, alituahidi mabati 60 na saruji mifuko 80, akasema tumfuate ofisini Jumatatu. Tulimfuata. Tumeandika barua 4, nakala tumeziambatisha. Tukajibiwa mara moja kwamba suala linashughulikiwa. Msingi umeota majani, na tofali za juu zinamomonyoka kwa mvua. Hatumlaumu mtu, Mheshimiwa. Tunakumbusha kwa sababu waliopiga makofi siku ile si wote tulio nao leo.

Ombi letu ni hilo moja: mabati 60 na saruji mifuko 80. Tutashukuru zaidi ukitutajia na tarehe, pamoja na ofisa wa kumfuata. Fundi wetu amekaa safu ya nyuma, na vipimo anavyo mfukoni.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi