Udi hauondoi harufu ya kiyoyozi kilichojaa vumbi

Mhariri,

Wasomaji wako wengi wana dada, mke au binti anayefanya kazi za nyumbani hapa Kuwait. Upepo wa shamali ukishapita na vumbi lake, kama ule uliosimamisha safari za ndege hapa tarehe 16 Mei 2022, nyumba nyingi huanza kunuka ukungu kila kiyoyozi kinapowashwa. Desturi ni kufunga madirisha na kufukiza udi. Tunaomba nafasi tuseme kwamba hapo tatizo linaongezwa.

Kiyoyozi cha ukutani hakivuti hewa ya nje. Kinazungusha ile ile ya chumbani. Vumbi huingia kwa upenyo wa chini ya milango na pembeni mwa madirisha. Filta ya wavu hukamata nyuzi na chembe kubwa tu. Vumbi jembamba hupita hadi kwenye koili ya ndani, yaani mabomba yenye mapezi membamba ya chuma yanayopoza hewa, ambayo imelowa muda wote kinapopoza, na huko hugeuka tope. Ukungu na bakteria humea humo, nayo ndiyo harufu. Moshi wa udi pia ni chembe: chumba kikiwa kimefungwa, mwenye pumu anauvuta, na unaobaki unanata kwenye koili.

Dhoruba ikianza, zimeni feni za kutolea hewa jikoni na bafuni, kwa sababu kila hewa inayotolewa, nyingine huingia na vumbi kupitia nyufa. Wekeni taulo lenye unyevu chini ya mlango. Anga likitulia, pigeni deki badala ya kufagia kavu, kisha fungueni madirisha ya pande mbili kwa robo saa.

Halafu kiyoyozi. Kizimwe kwa rimoti, kisha kwenye brekaa, ile swichi ya kukata umeme wake. Filta ikung'utwe nje na ioshwe kwa kumwagia maji kutoka upande wa nyuma, vumbi litoke lilikoingilia. Ukimwagia mbele unalisukuma ndani ya wavu. Maji yasizidi nyuzijoto 40. Wakati wa joto maji ya bomba hapa hutoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa moto kabisa, na plastiki hupinda, kwa hiyo yaacheni kwanza kwenye ndoo yapoe. Filta ikaushwe kivulini mpaka iwe kavu kweli. Msimu wa vumbi fanyeni hivi kila wiki mbili, na kila baada ya dhoruba.

Koili isafishwe kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini kufuata mapezi yake, kamwe si kwa kukatiza, maana mapezi yakilala hewa haipiti. Msitumie jiki: inakula aluminiamu, na mvuke wake utapulizwa chumbani.

Kinachosahaulika zaidi ni bomba la kutolea maji yanayodondoka kutoka kwenye koili. Tope likiliziba, maji hurudi kwenye trei iliyo chini ya koili, yakachuruzika ukutani. Mimineni nusu lita polepole kwenye trei, mtu mwingine atazame nje. Yasipotoka, fyonzeni kutokea mwisho wa nje kwa mashine inayofyonza maji. Harufu ikiwa ya choo, bomba hilo huenda limeunganishwa na majitaka bila kona inayoshika maji ili kuzuia hewa chafu, au maji ya kona hiyo yamekauka; hapo kuosha filta hakusaidii. Harufu ya plastiki inayoungua ni hatari ya moto: zimeni brekaa, aitwe fundi.

Mashine ya nje nayo hujaa vumbi, kompresa ikapata joto na umeme ukaliwa zaidi. Lakini tunawasihi waajiri na wafanyakazi wenyewe: kupanda paani kuifungua si kazi ya dada wa nyumbani. Kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji hata umeme ukiwa umekatwa, na hiyo inaweza kumpiga shoti akiwa kwenye ukingo wa paa.

Mafundi wa viyoyozi,
Kuwait