Kuacha au kuendelea kuruka kwa parachuti

Mhariri,

Anayefikiria kuacha kuruka kwa parachuti asijipime kwa woga. Mlangoni mwa ndege karibu kila mtu huogopa. Ajiulize: anatazama altimita, yaani kipima kimo, bila kukumbushwa? Parachuti kuu likifunguka vibaya, mwanafunzi anapaswa kuwa ameamua kulikata, yaani kuliachia litoke mwilini, kufikia futi 2,500, kisha avute la akiba. Akiganda hapo, asitishe kuruka kwanza, arudi kwa mkufunzi.

Wengi huumia chini ya parachuti lililofunguka vizuri kabisa, kwa kugeuka ghafla karibu na ardhi: linainama, linashuka kwa kasi, na kimo cha kujinyoosha hakipo. Anayegeuka hivyo ajaribu parachuti kubwa zaidi kabla ya kukata tamaa. Lakini anayekitegemea kifaa kinachofungua parachuti la akiba chenyewe, ambacho kwa kawaida hufyatuka chini ya futi 1,000, naomba aache kuruka.

Msomaji wenu