Matapeli wanatumia jina la baba yangu. Tumlinde vipi bila kumvunjia heshima?

Ndugu Mshauri,

Baba yangu ni mwalimu mkuu mstaafu mwenye umri wa miaka 76, anaishi na mama wilayani Kilosa, nasi watoto tuko Dar es Salaam na Dodoma. Miezi michache iliyopita alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa wa uhakiki wa wastaafu. Mtu huyo alimtaja kwa majina yake yote matatu, akaitaja na shule ya mwisho aliyofundisha, kisha akamweleza kwa upole kwamba taarifa zake zina kasoro na kwamba pensheni yake itasimamishwa zisiporekebishwa siku hiyohiyo. Uhakiki ni jambo la kweli ambalo kila mstaafu wa serikali analijua na kulihofia, kwa hiyo baba alijibu kila alichoulizwa: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), jina la mama yake mzazi, namba ya akaunti, na hatimaye tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi pamoja na namba yake ya siri. Fedha zilihamishwa kabla hajakata simu.

Fedha hizo tumekubali kwamba zimepotea, na sizo zilizonifanya nikuandikie. Benki ilizuia huduma ya simu kwenye akaunti yake, namba ya siri ikabadilishwa, tukaamini kwamba yamekwisha. Baadaye zikaanza simu za watu wanaodai kwamba baba amekopa kwenye programu za mikopo ya mtandaoni na kwamba asipolipa watawaandikia jamaa zake, ilhali yeye anatumia simu ndogo ya vitufe isiyoweza hata kufungua programu hizo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimwomba apige *106#, na tukakuta laini mbili zimesajiliwa kwa kitambulisho chake ambazo hakuna mtu nyumbani anayezifahamu.

Ndugu Mshauri, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Namba ya siri hubadilishwa kwa dakika chache, lakini namba ya NIDA mtu hubaki nayo maisha yake yote, na kati ya tarakimu zake 20, nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyeitaja namba ametaja na umri wake. Jina la marehemu bibi nalo halibadiliki. Nahofia kwamba yeyote aliyeyapata hayo yote kwa pamoja anaweza kujifanya baba leo, mwakani, na hata baada ya baba kuondoka duniani.

Kuhusu zile laini mbili, sina hakika kwamba zimetokana na simu ile, kwa sababu laini haisajiliwi bila alama za vidole. Wakati wa usajili mpya, kabla laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole hazijaanza kuzimwa Januari 2020, baba alisajili yake kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli sokoni, na anakumbuka kuambiwa aweke kidole tena na tena kwa madai kwamba mashine haijasoma. Huenda laini hizo zilizaliwa siku ile na zimekuwa mikononi mwa watu wengine muda wote huu. Ikiwa kuna kosa limetendwa kwa laini hizo, je, mzee wangu ndiye atakayeitwa kujieleza?

Nimemshauri aende polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaitambua hila ya kujifanya mtu mwingine kuwa kosa, na naamini taarifa ya polisi ingemsaidia kuyakana madeni hayo. Amekataa. Kituoni kuna askari aliowafundisha, na anasema hawezi kusimama mbele yao akasimulia jinsi alivyomtajia mtu asiyemjua namba yake ya siri. Alichokubali ni kunipa ujumbe wa matapeli nimsaidie kuupeleka kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli wa simu, jambo ambalo ni jema lakini halitoshi.

Kaka yangu mkubwa ana msimamo mwingine kabisa. Anataka baba anyang'anywe simu, pensheni iwe inaingia kwenye akaunti ya kaka, na wazazi watumiwe fedha za matumizi kila wiki. Naelewa kwamba hofu ndiyo inayomsukuma, na sina shaka na uaminifu wake. Hata hivyo, baba ana akili timamu, amelea familia na kuongoza shule kwa miaka mingi, na tangu aliposikia pendekezo hilo amekuwa mkimya, hapokei simu za watoto wake, na mama anasema hata chakula hakimpiti vizuri. Naona tukimtendea kama mtoto tutakuwa tumemaliza kazi ambayo matapeli waliianza.

Naomba ushauri wako. Je, mimi naweza kutoa taarifa polisi kwa niaba yake, au ni lazima aende mwenyewe, na je, anaweza kufungua jalada katika wilaya nyingine ambako hafahamiki? Laini zile tuziombe zifungwe mara moja, au tusubiri polisi wazichunguze kwanza? Wale wanaomdai tuwajibuje, hasa kwa kuwa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni? Aidha, kwa kuwa tapeli alizijua taarifa za utumishi wake kabla hajamuuliza lolote, je, tunaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hata kama hatujui zilivuja kutoka wapi?

Familia itakutana mwishoni mwa mwezi huu. Ningependa niende na pendekezo ambalo kaka ataliona lina usalama wa kutosha na ambalo baba mwenyewe ataweza kulitia saini, labda hati iliyoandaliwa na wakili inayompa mmoja wetu ruhusa ya kufuatilia akaunti bila kuchukua fedha. Je, benki hukubali mpango wa namna hiyo?

Wako mwaminifu,
Binti wa Mwalimu
Dodoma