Uliuliza saa, ukajibiwa lawama

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona shida yote imo katika mstari mmoja: unamuuliza mwenzako wa kazini, "Ripoti itakuwa tayari saa ngapi?" naye anakujibu, "Kwani mimi mashine?" Unasema hukumkosea. Kwa maneno, kweli hukumkosea. Tatizo liko kwenye muamala wenyewe, yaani jinsi kauli ya mmoja inavyokutana na jibu la mwingine.

Eric Berne, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Kanada mwaka 1910 na kufanya kazi Marekani, alianza kujenga uchambuzi wa miamala katika miaka ya 1950. Msingi wake ni huu: kila mtu ana hali tatu za nafsi, na anaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja. Mzazi ni yale tuliyoyaona kwa wakubwa wetu tukayabeba, yaani kukemea na kuonya, lakini pia kulea na kubembeleza. Mtoto ni hisia na mbinu za utotoni: furaha, utundu, woga, kununa, kutii huku roho haitaki. Mtu Mzima hupima yaliyopo sasa: nini, lini, kiasi gani. Umri hauhusiki. Mtoto wa miaka mitano anazo zote tatu, na babu yake pia.

Chukua karatasi. Chora viduara vitatu kwa wima upande wako, Mzazi juu, Mtu Mzima katikati, Mtoto chini, na vingine vitatu upande wa mwenzako. Swali lako ni mshale ulionyooka kutoka Mtu Mzima wako kwenda kwa Mtu Mzima wake. Jibu lake limetoka kwa Mtoto wake likapanda hadi kwa Mzazi wako, kana kwamba umemkaripia. Mishale haiendi sambamba. Ikiwa sambamba, mazungumzo huweza kuendelea kutwa nzima. Ikipishana, hukatika au mada hubadilika. Ndiyo maana dakika mbili baadaye hamzungumzii tena ripoti, mnazungumzia nani anamwonea nani. (Sambamba si lazima iwe njema, lakini. Watu wawili walio katika hali ya Mzazi wakilalamikia "vijana wa siku hizi" wanaelewana vizuri sana, na hakuna linalotatuliwa.)

Sasa sikiliza lugha yako mwenyewe, maana Kiswahili hutusaliti upesi. "Mbona hujamaliza?" ina umbo la swali, ila "mbona" imebeba lawama, nayo inamfikia Mtoto wa mwenzako kabla hajaielewa. "Si nilikuambia?" ni Mzazi mtupu. "Siku zote wewe..." vilevile. "Haya, kama unavyotaka" ni Mtoto aliyenuna. Hata "kwa nini" ni ya hatari kidogo, kwa sababu wengi waliizoea utotoni kama mwanzo wa adhabu. Badala yake uliza "Imebaki sehemu gani?" au "Unahitaji nini ili iishe leo?" Na usipime maneno peke yake. Kidole kilichonyooshwa au pumzi ndefu ya kuchoka huligeuza swali la Mtu Mzima kuwa la Mzazi bila kubadilisha herufi hata moja.

Ukijibiwa "Kwani mimi mashine?" una vishawishi viwili: kukemea, "Acha maneno, fanya kazi," au kunywea, "Basi samahani, nimekosa." Cha kwanza kinampa Mzazi aliyemtarajia, na cha pili kinakushusha wewe kuwa Mtoto. Fanya hivi: vuta pumzi moja, tambua hali yake kwa sentensi moja fupi, kisha uliza jambo moja la ukweli. "Naona leo umeelemewa. Tuseme saa kumi, au kesho asubuhi?" Hiyo sentensi ya kwanza usiiruke. Wengi wanaoanza kutumia mbinu hii hukimbilia Mtu Mzima wakawa wakavu kama fomu ya benki, halafu wanashangaa mwenzao anazidi kuwaka. Anayelia ukimjibu kwa takwimu, wewe ndiye uliyepishanisha mishale.

Kuna pia muamala wenye sakafu mbili. Mtu aliyezoea kuchelewa anaambiwa, "Leo umewahi!" Juu ni taarifa ya saa, chini ni Mzazi anayemchoma Mtoto. Berne alisisitiza kwamba matokeo huamuliwa na sakafu ya chini. Ukiambiwa hivyo, ama jibu la juu tu, "Ndiyo, tangu saa mbili," ama lilete la chini mezani kwa upole: "Kuna jambo kuhusu kuchelewa kwangu ungependa tuliongee?" Usijibu mchomo kwa mchomo.

Kuhusu dada yako anayekuomba ushauri kisha anaukataa wote: huo ndio "mchezo" (mazungumzo ya sakafu mbili yanayojirudia na kuishia palepale) wa kwanza kabisa Berne kuuchambua. Unampa wazo, anasema "Ndiyo, lakini..." Unampa la pili, "Ndiyo, lakini..." Kwa juu mnatafuta suluhisho. Kwa chini anathibitisha kwamba hakuna awezaye kumsaidia, na kila wazo lako ni kuni kwenye moto huo. Mwaka 1968 Stephen Karpman, mwanafunzi wa Berne, aliichora hali ya namna hii kama pembetatu ya Mwokozi, Mwathirika na Mtesaji, ambamo watu hubadilishana nafasi. Unaanza ukiwa Mwokozi, unachoka, unafoka, tayari umekuwa Mtesaji. Kwa hiyo "ndiyo, lakini" ya pili ikitoka, acha kushauri. Uliza, "Wewe mwenyewe unafikiria kufanya nini?" kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, kivumilie.

Kosa baya kuliko yote ni kumwambia mtu, "Sasa hivi unaongea kama Mtoto." Anayesema hivyo ni Mzazi aliyevaa koti la elimu. Viduara ni vya kujikagua wewe. Wala usitake kuwafukuza Mzazi na Mtoto maishani mwako: nyumba ikiwaka moto, "Tokeni nje!" ndiyo sentensi sahihi, na utani bila Mtoto haupo. Na pakiwa na vitisho au kipigo, weka karatasi kando utafute msaada.

Anza na mtu mmoja tu, huyo wa ripoti. Kwa wiki moja andika mazungumzo matatu kama yalivyotamkwa, uyachoree mishale, na uweke alama pale ilipopishana mara ya kwanza. Nitumie karatasi hiyo, majina uyafute, nasi tutaanzia hapo kwenye alama.

Wako daima.