Mtama tunaujua, tatizo ni kweleakwelea na soko

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kila mwaka ikikaribia msimu nasoma habari ile ile, Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa utabiri wa mvua za msimu, kanda ya kati tutegemee vipindi virefu vya ukavu, wakulima washauriwa kulima mazao yanayostahimili ukame. Habari imeishia hapo. Mimi ni mkulima huku Kongwa, mkoani Dodoma, na huo ushauri siupingi hata kidogo, ila naona umeishia njiani.

Kwa wasioijua Dodoma, mvua yetu ni ya mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kama milimita 500 na kitu au 600 ukipata mwaka mzuri. Sasa watu wa mjini wakisikia "wastani" wanajua tumepona, kumbe mvua inaweza kufika wastani kabisa kwenye vipimo na huku shambani hamna kitu, kwa sababu imemwagika yote Januari ikabeba udongo mpaka korongoni, halafu Februari jua kali wiki mbili tatu bila tone. Na Februari ndo mahindi yanatoa mbelewele, yaani maua. Yakikosa maji hapo basi tena, hata mvua ya Machi ije na mafuriko utavuna magunzi. Mtama wenyewe ukibanwa unakunja majani unasubiri, mvua ikirudi unaendelea na safari, na uwele ndo mgumu zaidi. Haya wazee wetu waliyajua kabla ya semina. Waingereza walikuja hapa hapa Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakamwaga pauni zaidi ya milioni 30 kwenye mradi mzima, ardhi ikikauka inakuwa ngumu karanga hazing'oki, mvua nayo haikuwa ile waliyoipiga hesabu, 1951 mradi ukafa.

Sasa mtauliza, kama mnajua yote hayo mbona bado mnapanda mahindi? Jibu la kwanza ni ndege. Hindi lina maganda limejifunika, mtama uko wazi juu kabisa, kweleakwelea, vile vindege vidogo vinavyokula nafaka, mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, unaona kidogo, ila hawaji mmoja, kundi likiwa la ndege milioni ni tani 10 kwa siku hiyo moja. Zamani watoto ndo walikuwa wanaamia ndege, wanakaa kwenye dungu na kombeo toka alfajiri mpaka jua linazama, siku hizi watoto wako shule na ndivyo inavyotakiwa, kwa hiyo anayebaki kuamia ni mama mwenye nyumba au kibarua wa kulipwa, na ukipiga hesabu ya kibarua kwa wiki zote mpaka mtama ukomae unakuta mtama umekula hela kuliko mahindi. Ndege ya kunyunyizia dawa huwa inakuja, lakini mara nyingi tunaisikia ikiwa mashuke yameshapukutishwa.

Halafu kuna jambo linanichekeshaga. Mtama mweusi au mwekundu ule mchungu ndege hawaupendi sana, wanakwenda kwingine kwanza. Ila wanunuzi wakubwa, wakiwemo wa bia, wanataka mtama mweupe, na mbegu ya Macia tuliyoletewa ni mweupe, mfupi, unawahi, mzuri kabisa kwa ukame, na ndege nao wameukubali!

La pili soko. Tuna soko la Kibaigwa hapa wilayani kwetu, malori yanatoka Dar na kwingineko, na yanafuata nini? Mahindi. Ukiwa na gunia la mahindi hata saa hii mtoto anaumwa unaliuza unapata hela ya hospitali. Gunia la mtama utazunguka nalo kwanza, tena unapangiwa bei. Ruzuku ya mbolea nayo, hii iliyopo kuanzia msimu wa 2022/2023, mtu wa mtama faida anayoipata kwayo ni ndogo, wengi wetu hatuweki mbolea kabisa kwenye mtama maana hujui kama ni wewe utakayevuna au ni ndege. Na ugali wa mtama bado kuna watu wanauona chakula cha njaa, hilo nalo lipo, ila mimi nadhani bei ikikaa sawa watazoea tu.

Kwa hiyo wanaotushauri watuambie na hayo mengine. Kikosi cha ndege waharibifu kianze kukagua mazalia mapema mtama ukiwa bado unachanua, sio tupige simu wakati shamba limeshaliwa. Hela kidogo ya ruzuku iende kwenye kulipa vijana wa kuamia, kijiji kizima kipande kwa wakati mmoja ndege wasipate meza ya miezi miwili, na bei ya mtama mweupe itangazwe kabla hatujapanda. Bwana shamba akija aje na hizo taarifa, mashimo ya Chololo, yale ya kupandia yanayotunza maji ya mvua, na makinga maji tumeshafundishwa na yanasaidia kweli.

Na nyie mhariri mkichapisha utabiri wa msimu ujao, wekeni pembeni yake bei ya gunia la mtama Kibaigwa wiki hiyo, na kama mna mwandishi mtumeni huku mwezi wa nne mashuke yakianza kujaa, aje asubuhi sana.

Mkulima, Kongwa