Mahamri Matatu

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Maneno yako ya juzi kwenye simu hayajanitoka moyoni. Ati tangu uambiwe una sukari umeacha wali, umeacha chapati, washindia mchicha, na jioni watetemeka! Tafadhali usijitese hivyo. Kuna dawa ambazo ukizimeza bila kula hushusha sukari mno. Ukitetemeka na kutoka jasho, pima sukari ya damu. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari, upime tena baada ya robo saa. Na umweleze daktari.

Mimi mashine ya kupimia sukari ndiyo iliyonirudisha mezani. Napima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza, naandika daftarini. Mahamri matatu, mbaazi za nazi na chai ya sukari: kutoka 6.4 hadi 13.1. Nililia, wallahi. Kesho yake nikala hamri moja, mbaazi bakuli zima, chai ya tangawizi bila sukari: kutoka 6.2 hadi 8.7. Kumbe miaka yote nikizilaumu mbaazi bure!

Wali wa nazi pia sijauacha. Naanza na samaki na mboga, wali kikombe kimoja mwishoni, kisha natembea hadi Fort Jesus na kurudi. Siku nisipotembea, daftari lasema. Daktari wangu aniambia nisizidi 10 baada ya saa mbili, na kabla ya kula niwe kati ya 4 na 7. Wewe muulize wako, huenda akakupa namba nyingine.

Nawa mikono kwanza. Siku moja nilimenya embe, nikapima, ikasoma 15.2. Moyo ulinipasuka. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikatoboa tena: 7.9. Ilikuwa sukari ya embe kidoleni! Na utoboe ubavuni mwa kidole, katikati huuma sana.

Vijiti vya kupimia ni ghali, najua, kwa hivyo usipime kila kitu. Chagua chakula kimoja kwa wiki, kile unachokipenda zaidi.

Jumamosi vuka feri uje na mashine yako. Nitapika samaki wa kupaka, na wali utakuwepo. Tutanawa, tupime sote wawili kabla ya kula, halafu tutembee pamoja.

Shogako akupendaye