Tyusheni ya hesabu peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu tulioko huku Virginia, Marekani, wenye watoto darasa la 8 wanaoitaka ile shule ya sayansi ya Thomas Jefferson. Jamani ule mtihani wa kuingilia, wa kuchagua majibu, ulifutwa tangu 2020, siku hizi wanaangalia maksi za shule, wastani usipungue 3.5 kati ya 4, halafu mtoto anakaa anaandika kwa muda maalum, anajieleza yeye ni nani na anatatua swali la hesabu au sayansi huku akieleza alivyofikiri, sasa mbona pesa yote inaishia tyusheni ya hesabu?

Binti yangu hesabu anaziweza vizuri tu, ila nilipomtegea simu dakika 20 pale meza ya jikoni, kumi nzima zikaisha anaandika na kufuta sentensi ile ile ya kwanza, nikaumia kweli. Tukabadilisha, dakika 3 anapanga kwa penseli, jibu linatangulia, sababu zinafuata. Wiki ya tatu akamaliza na muda wa kusoma tena ukabaki. Na ile habari ya kumtafsiria bibi yake hospitali, aliyokuwa anaionea aibu, ndiyo aliyoiandika vizuri kuliko zote, msiwakataze watoto kuandika mambo ya nyumbani.

Mama wa mwanafunzi,
Virginia